Mabingwa wa Mwambani: Samaki Wanaoishi Chini ya Mlima Wetu

Chidya, kwetu mlimani mkoani Mtwara, iko zaidi ya kilomita 100 kutoka baharini, lakini bahari hupanda mlima kila wiki. Hupanda ndani ya ndoo na vikapu, kwenye mabasi yatokayo Mtwara na nyuma ya bodaboda: pono aliyekaangwa, tasi wa kuchoma, changu aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa juani hadi akawa ng'onda. Tunamla kwa ugali wa muhogo, tunatupa miiba, tunanawa mikono. Ni mara chache mtu huuliza samaki huyo alikuwa nani kabla hajawa kitoweo. Mimi nimeuliza. Jibu ni kwamba kwa miaka yote hiyo tumekuwa tukila ndugu wa mabingwa wa dunia.

Basi tuwapange kwa sifa zao. Kanuni ni mbili tu. Anayeingia ulingoni awe samaki wa miamba ya matumbawe, au angalau jirani wa mlango wa pili. Na wawili wakikaribiana, anayeonekana kati ya Msimbati na Kilwa atapewa upendeleo, kwa sababu mwamuzi ni mtu wa Kusini. Mtwara kuchele!

1. Mtaa uliobanana kuliko yote

Tunaijua Dar es Salaam kwa msongamano. Sensa ya 2022 ilihesabu humo watu 5,383,728 katika taifa la watu 61,741,120. Yaani mkoa usiofika hata asilimia 1 ya ardhi ya nchi umebeba karibu asilimia 9 ya wananchi.

Matumbawe nayo hayafiki asilimia 1 ya sakafu ya bahari za dunia. Lakini yamebeba takriban robo ya aina zote za viumbe wa baharini wanaojulikana. Ili Dar iyafikie, ingebidi ipokee watu wengine milioni 10 bila kuongeza mtaa hata mmoja. Wanaishije humo bila kukanyagana? Kwa zamu. Jua likizama, pono na vipepeo wa baharini huingia mapangoni kulala, na kwenye mapango hayohayo hutoka samaki wekundu wenye macho makubwa ambao wamelala mchana kutwa. Chumba kimoja, wapangaji wawili, na hawakutani ila mlangoni.

2. Kitongoji chenye makabila mengi ya samaki

Hapa ndipo kifua chetu kinapojaa. Mwaka 2000 ilitangazwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kule ambako mto wetu unamwaga maji yake baada ya kupita chini ya genge la Newala. Ina kilomita za mraba 650, na karibu theluthi yake ni nchi kavu na mikoko. Katika hicho kipande cha maji kilichobaki wamehesabiwa samaki wa aina zaidi ya 400, na matumbawe magumu aina 258.

Wekeni pembeni Uingereza, nchi ya kisiwa, iliyozungukwa na bahari pande zote na yenye historia ndefu ya uvuvi. Aina za samaki katika maji yake yote ni takriban 330. Ghuba moja ya Mtwara Vijijini imeishinda.

Lakini mwamuzi lazima awe mkweli. Kwa kupima aina kwa eneo, kombe linakwenda Zanzibar, kwa kisiwa cha Chumbe. Mwamba wake uliolindwa tangu 1994 una hekta 33 hivi, sawa na viwanja 46 vya mpira, na humo nako wapo samaki wa aina zaidi ya 400. Karibu aina 9 kwa kila kiwanja! Na katika mashindano ya dunia nzima sote tunainama mbele ya Indonesia: mwaka 2012, mahali paitwapo Cape Kri katika visiwa vya Raja Ampat, mtaalamu Gerald Allen aliandika aina 374 katika mbizi moja. Mbizi moja, na aina nyingi kuliko za bahari yote ya Waingereza.

3. Mkubwa kuliko wote

Kuna papa potwe, ambaye wengine humwita papa shilingi kwa ajili ya madoa meupe yaliyotapakaa mgongoni kama sarafu. Mrefu kuliko wote aliyepimwa kwa uhakika alikuwa na mita 18.8. Basi kubwa la abiria la kwenda Dar lina mita 12, kwa hiyo mpange basi zima nyuma ya nusu ya jingine, kisha bado mkia unazidi. Kati ya Oktoba na Machi hukusanyika mbele ya Kilindoni, Mafia, na wengi wao ni vijana wasiofika mita 10. Hawana neno na mtu. Chakula chao ni dagaa na vijidudu vya majini.

Ila potwe ni mpita njia, mwenyeji wa bahari kuu. Mwenye nyumba halisi mwambani ni chewa, na chewa mkubwa kuliko wote hufika mita 2.7 na kilo 400. Bajaji ina mita 2.6 hivi. Kwa hiyo mfikirie samaki aliyeipita bajaji kwa urefu, amejibanza pangoni, anakutazama bila kupepesa jicho. Uzito wake ni magunia matano ya korosho, nikilikadiria gunia kwa kilo 80. Msimu mzuri au mbaya, magunia matano si mzigo wa kichwani.

4. Mdogo kuliko wote, na mwenye maisha mafupi kuliko yote

Katika visiwa vya Chagos, ndani ya bahari yetu hii ya Hindi, yupo samaki aitwaye Trimmatom nanus ambaye akishakomaa hazidi sentimita 1 hivi. Australia ina mdogo zaidi, Schindleria brevipinguis, ambaye urefu wake wa juu kabisa ni milimita 8.4. Wapange wawili, pua kwa mkia, juu ya punje moja ya korosho iliyobanguliwa, na nafasi itabaki.

Na Australia hiyohiyo, kwenye Mwamba Mkubwa wa Matumbawe, yupo kibete mwingine, Eviota sigillata, mwenye rekodi ya maisha mafupi kuliko mnyama yeyote mwenye uti wa mgongo: siku 59. Akianguliwa tarehe 1 Januari, Machi haioni. Wiki tatu za mwanzo huelea kama buu, kisha hutua mwambani, hukua, huoa, hulinda mayai, hufa. Ishikeni namba hiyo ya 59, tutaihitaji mbele.

5. Aliyesambaa kuliko wote, na lango la wasafiri

Yupo samaki bapa wa mistari myeusi, myeupe na ya njano, mwenye pezi la mgongoni refu kama utepe. Jina lake la kitaalamu ni Zanclus cornutus. Akianzia pwani ya Afrika Mashariki, makazi yake yanavuka Bahari ya Hindi, yanapita Indonesia, yanakata Pasifiki nzima na kufika Mexico. Hiyo ni zaidi ya nusu ya mzingo wa dunia, zaidi ya kilomita 20,000. Kwa barabara, Mtwara hadi Dar ni kilomita 560 hivi. Ungekwenda safari 35 za upande mmoja na bado hujamaliza himaya yake.

Samaki mwenyewe hasafiri hivyo. Husafiri watoto. Samaki wengi wa mwambani huachia mayai au mabuu yao yaelee majini kwa wiki kadhaa, na mkondo ndio basi lao. Na hapa ndipo ramani inapotupendelea kuliko ninavyoweza kueleza kwa utulivu. Mkondo wa Ikweta wa Kusini huvuka bahari kutoka mashariki, hupita juu ya ncha ya kaskazini ya Madagaska, kisha huigonga Afrika karibu na Cabo Delgado, jirani kabisa na mdomo wa Ruvuma. Hapo hugawanyika. Tawi moja hushuka Msumbiji, jingine hupanda kwenda Mafia, Unguja na Kenya. Maji yanayofika Zanzibar yamekwisha kupita mlangoni kwetu. Katika stendi hii ya mabuu, Mtwara ni kituo cha kwanza cha kushuka.

Kinyume chake ni samaki ambaye hadi majuzi wanasayansi hawakumjua kabisa. Aliitwa rasmi mwaka 2019, Cirrhilabrus wakanda, baada ya kupatikana Zanzibar kwenye kina cha mita 50 hadi 80, chini kuliko wanakofika wazamiaji wa kawaida. Ana magamba ya zambarau, ndiyo maana akapewa jina la nchi ya Wakanda ya kwenye filamu. Mita 80 ni chini ya urefu wa kiwanja cha mpira. Alikuwa karibu hivyo, na hakuwa na jina.

6. Mlaji mkubwa, mwenye meno magumu

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu huyu ndiye nimpendaye. Pono.

Pono tumemzoea kama samaki laini wa buluu na kijani, nyama nyeupe, bei ya wastani. Lakini ndugu yake mkubwa, pono mwenye nundu, hufika mita 1.3 na kilo 46, na makazi yake yanaanzia Afrika Mashariki na Bahari ya Shamu hadi Pasifiki. Huyu hula mawe. Huyavunja matumbawe kwa mdomo, huyasaga kwa meno ya kooni, hufyonza vilivyo hai ndani yake na kuyatoa yaliyobaki yakiwa mchanga. Watafiti waliomfuatilia kwenye miamba ya Australia walipiga hesabu: pono mmoja wa namna hii huvunja zaidi ya tani 5 za matumbawe kwa mwaka.

Tani 5! Kwa magunia yetu ya korosho ya kilo 80 ni magunia 62, na mzigo huo ungeilemea Canter. Samaki mmoja, mwaka mmoja, kwa mdomo.

Meno gani yanahimili kazi hiyo? Mwaka 2017 wanasayansi wa Marekani waliyapima meno ya pono wa aina nyingine, wakakuta ni miongoni mwa vitu vigumu kuliko vyote vilivyotengenezwa na kiumbe hai. Ana meno kama 1,000, yamepangwa safu 15, na ya mbele yakichakaa ya nyuma yanasogea. Inchi moja ya mraba ya meno hayo inaweza kubeba mkandamizo wa tani 530, sawa na tembo 88. Chukua tembo wa pori la Lukwika-Lumesule, mmoja baada ya mwingine, uwasimamishe 88 juu ya kitu kipana kama stempu ya barua.

Na ule mchanga? Ndio ufuo. Huko Maldivi, uchunguzi uliochapishwa 2015 kuhusu kisiwa cha Vakkaru ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 85 ya mchanga mpya wa pale umetoka kwenye matumbo ya pono. Majabali ya Masasi yamesimama pale kwa mamilioni ya miaka, yakimenyeka taratibu kwa mvua na jua. Mwamba wa baharini haulingoji jua. Una pono.

7. Daktari mwenye wagonjwa wengi

Hapati hata urefu wa kalamu ya wino. Ni samaki mwembamba wa buluu mwenye mstari mweusi ubavuni, na kazi yake ni kusafisha wenzake: huwatoa chawa na wadudu wengine kwenye ngozi, kwenye matamvua, hata ndani ya mdomo wa chewa. Chewa hufunua mdomo na kumngoja amalize. Kwenye miamba ya Australia alihesabiwa akihudumia wateja zaidi ya 2,000 kwa siku na kula wadudu wapatao 1,200. Mchana wa saa 12 una dakika 720. Hiyo ni karibu wagonjwa watatu kila dakika, foleni imenyooka, bila kadi. Kwenye miamba ya Tanzania nako ana vituo vyake kila upande.

8. Mdomo wenye kasi kuliko yote

Waswahili tunasema kufumba na kufumbua. Kupepesa jicho huchukua kiasi cha sehemu moja ya kumi ya sekunde, au zaidi. Samaki-chura, anayekaa mwambani akijifanya jiwe lenye ukungu, hufungua mdomo na kummeza mwenzake kwa sehemu 6 tu za elfu za sekunde, yaani sekunde 0.006. Anaweza kumeza mara 16 kabla ya kope lako kufika chini.

9. Mwiba mkali kuliko yote

Samaki-jiwe. Ana miiba 13 mgongoni, kila mmoja na vifuko vyake vya sumu, na hakuna samaki mwenye sumu ya kuchoma inayomzidi. Hulala palepale akina mama wanapotembea wakati wa bamvua, maji yakikauka, wakitafuta pweza kwa vijiti. Anayechomwa atumbukize mguu kwenye maji ya moto kadiri ngozi inavyovumilia, nyuzi 45 hivi, kwa sababu joto huivunja nguvu sumu hiyo, kisha apelekwe hospitali bila kuchelewa. Kandambili haimzuii. Viatu vyenye soli nene ndivyo vinavyofaa.

10. Mama mwenye mayai mengi

Rekodi hii natamani ibandikwe kila forodha ya samaki kuanzia Mikindani.

Katika Ghuba ya Mexico walipima samaki jike mwekundu wa mwambani, Lutjanus campechanus, mwenye sentimita 61. Alikuwa na mayai 9,300,000. Kisha wakawapima majike wa sentimita 42, wenye kilo 1.1 kila mmoja, wakauliza ni wangapi watakaofikisha idadi hiyo ya mayai. Jibu ni 212.

Mmoja kwa 212! Urefu haujafika hata mara moja na nusu, lakini mayai ni mara mia mbili na ushee. Sensa ya 2012 iliuhesabu mkoa mzima wa Mtwara, kuanzia Nanyumbu hadi Msimbati, ukapata watu 1,270,854. Mama mmoja wa samaki alikuwa na mayai ya kuijaza mikoa saba kama yetu. Ukipenda viwanja, ule wa Benjamin Mkapa kule Dar, wenye jina la mwana wa Lupaso, Masasi, huchukua watu 60,000. Mayai yale yangeujaza mara 155.

Ndiyo maana baruti inaniuma kuliko uvuvi mwingine wowote haramu. Mshipi humchagua mmoja. Baruti humuua mama mkubwa pamoja na wale 212, huvunja na nyumba yao, na tumbawe lililovunjwa leo huchukua miaka mingi kusimama tena.

11. Mzee wa mwambani

Sasa ikumbukeni ile namba 59. Mwaka 2016, kwenye miamba ya Rowley Shoals, magharibi mwa Australia, alivuliwa samaki aina ya Macolor macularis. Umri wa samaki husomwa kwenye vijiwe vya masikioni, vyenye pete za miaka kama gogo la mti. Wataalamu walihesabu pete 81. Hakuna samaki wa matumbawe wa kitropiki aliyewahi kuthibitishwa kuwa mzee kuliko huyo.

Alianguliwa basi karibu na mwaka 1935. Mradi wa karanga wa Waingereza, uliofika hadi Nachingwea, ulipoanza mwaka 1947, alikuwa na miaka 12 hivi. Reli ya kutoka Mtwara ilijengwa, ikafungwa 1962, yeye yupo. Uhuru ulimkuta na miaka 26. Katika maisha yake peke yake, vile vibete vya siku 59 vingepitisha vizazi 500.

Mshindi wa pili, aliyevuliwa Rowley Shoals hiyohiyo, alikuwa na miaka 79, na aina yake, Lutjanus bohar, ni samaki mwekundu anayeishi pia kwenye miamba ya pwani yetu. Huenda yupo mmoja huko chini sasa hivi aliyewahi kuisikia honi ya treni.

12. Ukoo wa kale kuliko wote

Silikanti haishi juu ya matumbawe bali chini yake, kwenye mapango ya mteremko wa kina, na kwa kanuni yangu ya mlango wa pili anaingia. Ukoo wake una miaka takriban milioni 400. Mijusi wakubwa wa Tendaguru, Lindi, ambao Wajerumani waliwachimba kuanzia 1909 na kupeleka mifupa yao Berlin, waliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Walipokuwa wakitembea, ukoo wa silikanti ulikuwa tayari na miaka milioni 250.

Wanasayansi waliamini ulitoweka pamoja na ukoo wa mijusi hao. Desemba 1938 mmoja akatolewa majini Afrika Kusini, na dunia ya elimu ikashtuka. Tanzania ilipata wa kwanza mwaka 2003, Songo Mnara, palepale penye magofu ya Kilwa. Baadaye wavuvi wa Tanga wakaanza kuwanasa kwenye majarife, hata ikatangazwa hifadhi kwa jina lake mwaka 2009.

Uchunguzi wa magamba yake uliochapishwa 2021 umemwongezea kombe jingine. Anaweza kuishi karibu miaka 100. Jike hapevuki hadi afike miaka 58 au zaidi, karibu na umri ambao mtumishi wa serikali hukabidhi ofisi. Na mimba yake huchukua miaka mitano. Mwanafunzi akiripoti Kidato cha Kwanza katika sekondari ya Chidya siku ileile silikanti anapotunga mimba, atasoma miaka yote minne, atafanya mtihani, atapokea matokeo, atarudi nyumbani na kuokota korosho za msimu mzima, na kule chini gizani mama huyo bado hajajifungua.